Neno na Majirani Zake: Namna ya Kujenga Msamiati Mpana wa Kiingereza

Mwezi wa sita ndio mwezi wa foleni kwenye steshenari yangu hapa Majengo, Dodoma. Wanachuo wanashuka kwenye daladala na flashi mkononi, kila mmoja anataka risechi yake iprintiwe na kufungwa kabla msimamizi wake hajaondoka ofisini. Mwaka mmoja alikuja kijana mpole, akaniamkia, akanipa flashi yake. Mimi huwa napitia kurasa za mwanzo kuhakikisha pambizo zimekaa sawa. Kwenye ukurasa wa shukrani alikuwa ameandika: "I thank my notorious supervisor."

Nikasimamisha kazi. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, hili neno umelitoa wapi?"

"Kwenye simu, dada. Nilitafuta neno la kiwango cha juu la kusema mtu maarufu."

"Notorious" ni maarufu kweli, ila ni umaarufu wa jambazi, au wa kona inayoua watu barabarani. Kijana alikuwa anamshukuru mwalimu wake kwa heshima zote, huku karatasi inasema mwalimu huyo anajulikana kwa ubaya. Tukaliondoa, tukaweka "respected", neno la kila siku tu, na sentensi ikakaa.

Mwongozo huu nauandika nikimkumbuka yeye na wengi kama yeye. Sijasomea ualimu. Nilimaliza kidato cha nne Kongwa, nikaanza kuchapa barua za watu kwa kompyuta ya kuazima, na Kiingereza nilichonacho nimekijenga nikiwa kwenye kiti hiki, kwa kusoma kile ambacho watu wananiletea nichape: mikataba, barua za kazi, ripoti za miradi, risechi. Nimekosea sana njiani. Naomba wewe usizunguke kote nilikozunguka.

Mzunguko wangu wa kwanza ulikuwa kuanza kamusi kuanzia herufi A. Nilikaa nayo usiku kwa usiku. Nikajua "abdicate", mfalme kuachia kiti. Nikajua "abscond", kutoroka na mali. Asubuhi akaja mteja anataka barua ya kumkumbusha mtu deni, na mimi sina sentensi hata moja iliyonyooka ya kusema malipo yamechelewa. Maneno yalikuwa kichwani kama wageni waliokaa sebuleni bila kumfahamu mtu yeyote ndani ya nyumba. Baada ya miezi miwili yakaondoka karibu yote.

Jua kwanza unaanzia wapi. Watu walioshughulika na jambo hili maisha yao yote wametuachia vipimo vizuri. Mwaka 1953 Mwingereza Michael West alitoa orodha ya maneno kama 2,000 ya msingi, yale yanayorudi mara kwa mara katika maandishi ya kawaida. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand akatoa orodha nyingine ya familia 570 za maneno ya kitaaluma, yaliyo nje ya yale ya West. Familia ni neno na ndugu zake, kama "decide" na "decision". Hapo ndipo utakutana na "assess", "derive", "constitute", "significant". Familia hizo 570 peke yake zinachukua takribani asilimia 10 ya maneno katika maandishi ya vyuoni, yaani karibu neno moja katika kila kumi. Na Paul Nation, naye wa New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba ili usome gazeti au riwaya ya Kiingereza bila kusimama-simama unahitaji familia kati ya 8,000 na 9,000.

Usiogope hiyo namba ya mwisho. Kama zile 2,000 za West bado zinakufanya ufikirie, anza na hizo wala usione aibu. Kama ziko sawa, chukua zile 570. Zikishaingia, achana na orodha za watu, ingia kwenye maneno ya kazi yako mwenyewe. Hapo ndipo msamiati unapopanuka kweli. Nesi ana maneno yake, mhasibu ana yake, fundi umeme ana yake. Mimi nilipata mengi kwenye karatasi za viwanja, maana tangu Serikali ihamie huku Dodoma nzima imekuwa ya kupimwa. Bikoni, lile jiwe la mpaka wa kiwanja, nilikuwa naijua kwa Kiswahili cha mtaani, nikakutana nayo kwenye karatasi ikiitwa "beacon", na pembeni yake "boundary", na chini yake sentensi kuhusu jirani aliyevuka mpaka: "He encroached on the adjacent plot." Hilo neno "encroach" sijalisahau hata siku moja, kwa sababu nilikuwa namfahamu mzee mwenye kesi ile na nilijua shamba lenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa ulishike hata kama mengine yote utayaacha. Neno la Kiingereza lisome pamoja na majirani zake.

Chukua neno letu "kali". Sisi tunasema jua kali, upepo mkali, kisu kikali, mbwa mkali, mwalimu mkali, pilipili kali, maumivu makali, ushindani mkali. Neno moja linatosha. Mwingereza kila mahali hapo ana neno lake: "scorching sun", "strong wind", "sharp knife", "fierce dog", "strict teacher", "hot pepper", "severe pain", "stiff competition". Ukiandika "sharp sun" au "strict wind", msomaji atakuelewa kwa kubahatisha, ila atajua mara moja kwamba umebeba Kiswahili ukakivisha nguo za Kiingereza. Mvua nayo kwetu ni kubwa, kwao ni nzito: "heavy rain". Upepo kwao una nguvu, hauna uzito. Sisi tunaokaa Dodoma na upepo huu wa kiangazi tunaoijua hasira yake, hatuna sababu ya kuukosea jina.

Geuza upande wa pili uone. Mgeni anayejifunza Kiswahili akiambiwa "kupiga" ni kumgonga mtu kwa mkono, atafanya nini akisikia tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mswaki, tunapiga kura, tunapiga hodi? Itabidi ajifunze kila moja na jirani yake. Nasi ni hivyohivyo na "take", "make", "run". Uamuzi ni "make a decision", mtihani ni "take an exam", kosa la jinai ni "commit a crime", biashara unai-"run".

Kuna majirani wa aina nyingine, wanaoonekana pole pole. Angalia "severe" kila unapolikuta: ukame, uhaba wa maji, adhabu, baridi, ugonjwa. Linakaa na mabaya tu. "Cause" nalo mara nyingi linafuatana na madhara: "cause damage", "cause delay", "cause an accident". Ndiyo maana mwanachuo akiandika kwamba mradi wa kisima "caused happiness" kijijini, sikio linashtuka ingawa sarufi haina kosa. Mradi "brought" furaha. Yule kijana wa "notorious" angeliona neno hilo katika sentensi tatu tu za kweli, angekuta linakaa na "criminal", na "gang", na "prison", akajua mtaa huo haumfai mwalimu wake.

Kwa hiyo nunua kaunta buku. Simu inafaa kwa kutafuta, lakini kwa kuandika mimi sijaona kinachoshinda kalamu na karatasi. Kila neno lipe nusu ukurasa. Juu liandike neno, chini yake nakili sentensi nzima uliyolikuta, usiikate, na useme umeitoa wapi: barua ya nani, tangazo gani, ukurasa gani. Halafu tafuta kwenye kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza, kwa sababu hizo zinakuonyesha mifano, nakili sentensi mbili zaidi. Piga mstari chini ya majirani: neno linalotangulia, linalofuata, na kile kihusishi kidogo kinachong'ang'ania. "Encroach on." "Comply with." "Refrain from." Watu wengi wanajua "comply" wakakwama kwenye "with". Na ujihadhari na yale yasiyotaka kihusishi kabisa: "discuss" haitaki "about", ingawa sisi tunajadili kuhusu.

Mwisho wa nusu ukurasa tunga sentensi yako mwenyewe, ya jambo la kweli la maisha yako, lenye jina la mtu au la mahali. Maana ya Kiswahili iandike kwa penseli, pembeni, baada ya yote hayo. Ukianza na Kiswahili jicho litaganda hapo, halitasoma tena sentensi.

Maneno matano kwa siku yanatosha. Nimewaona wanaoanza na thelathini. Wiki ya pili hawapo.

Niliupata uzito wa jambo hili siku ambayo bado inaniuma. Kikundi cha akina mama wa mtaani kwetu walitaka kuazima viti hamsini kwenye ofisi moja kwa ajili ya sherehe yao. Mwenyekiti wao alikuja kwangu nimwandikie barua kwa Kiingereza, na mimi nikaandika: "Kindly borrow us fifty chairs." Kiswahili chetu kinaruhusu, maana "azima" inakwenda pande zote mbili, anayetoa na anayepokea. Kiingereza kinatenganisha: anayepokea ana-"borrow", anayetoa ana-"lend". Afisa aliyepokea barua aliisoma kwa sauti mbele ya watu. Mama yule alirudi kwangu kimya, akaweka barua mezani, hakunilaumu hata neno moja. Nikaiandika upya bure. Tangu siku ile, kila neno ambalo Kiswahili kimeliunganisha, hata kwa mzizi tu, huku Kiingereza kimelitenganisha, naliandika kwa wino mwekundu. "Rise" na "raise". "Remember" na "remind". "He" na "she" pia, ambayo ulimi wetu unaichanganya kwa sababu "yeye" haiulizi jinsia.

Baada ya majirani kuna ukoo, na hapa Mswahili ana bahati. Sisi tunazaliwa tukijua kwamba "soma" ina watoto: somea, somesha, somo, msomi, usomaji. Hakuna aliyetufundisha kuviunganisha. Fanya hivyohivyo na "decide": nomino "decision", kivumishi "decisive", kielezi "decisively", kinyume "indecisive". Ukipata neno moja uliza ndugu zake wote wanne au watano, uwaandike mstari mmoja. Ndiyo sababu wale wataalamu wanahesabu familia badala ya neno moja moja.

Ukoo una mizizi ya mbali pia. Kiingereza kimejengwa kwa tabaka. Chini kabisa ni lugha ya Waanglo-Saksoni. Juu yake ni Kifaransa kilichoingia baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, na katikati na juu ya hivyo kuna Kilatini na Kigiriki cha wasomi na kanisa. Matokeo yake wana maneno matatu ya jambo moja: "ask" la nyumbani, "question" lenye asili ya Kifaransa, "interrogate" lenye asili ya Kilatini. Kuuliza ni kulekule, ila la tatu ukilitumia kwa mama mkwe ni kama umempeleka polisi. Tabaka la neno linakuambia ulitumie wapi.

Sisi wa Dodoma tunasimuliwa tangu utotoni kwamba jina la mji limetokana na neno la Kigogo, "idodomya", kwa tembo aliyedidimia kwenye tope. Mtu akishasikia habari hiyo hasahau. Maneno ya Kiingereza nayo yana habari zake, na ukizijua yanashika. Semina, kwa mfano. Mji huu hauishiwi semina. Mzizi wake ni Kilatini, "seminarium", kitalu cha kuoteshea mbegu. Mbegu hiyohiyo ndiyo iliyo ndani ya "disseminate", kusambaza habari kama mtu anavyotupa uwele shambani. Nilipojua hivyo niliacha kuliogopa neno lile refu. "Spect" ni kutazama, na kutoka hapo unapata "inspect", "prospect", "retrospect". "Dict" ni kusema: "predict", "contradict", "verdict".

Lakini mzizi ni wa kukusaidia kukumbuka, usiutumie kubahatisha maana. "In" mwanzoni mwa neno mara nyingi inakanusha, kama "incorrect", halafu unakuta "inflammable", ambalo linamaanisha kitu kinachoshika moto haraka, sawasawa na "flammable". Malori ya mafuta yanayopita hapa kwenda Singida na kuendelea hadi Rwanda si mahali pa kubahatisha neno kama hilo.

Na kwa kuwa nilisoma Kongwa, siwezi kuipita hii. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha kwetu mradi mkubwa wa kulima karanga. Udongo na ukame vikawashinda, mwaka 1951 wakauacha baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 30. Tangu hapo "groundnut scheme" ikaingia katika mazungumzo ya siasa ya Uingereza kama jina la mradi wa serikali uliobuniwa vibaya ukala fedha bure. Shamba la kwetu likawa msemo wa kwao. Jiulize kama kijijini kwako au kazini kwako hakuna neno la namna hiyo, kisha lifuatilie.

Kuhusu cha kusoma: tafuta maandishi yaliyopo kwa lugha zote mbili, uyaweke ubavuni. Wanaosoma Biblia wanalijua jambo hili zamani. Mimi naipenda zaidi Katiba yetu ya mwaka 1977, kwa sababu ina maneno yanayotumika ofisini kila siku. Soma ibara moja kwa Kiswahili mpaka uielewe, ufunike, uitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza kwenye karatasi, halafu ufunue nakala ya Kiingereza ulinganishe. Ibara ya 18, pale Kiswahili kinaposema haki ya kutoa habari, Kiingereza chake kina lile "disseminate" nililolitaja. Mimi nilikuwa nimeandika "give". Tofauti kati ya "give" yangu na neno lile imenifundisha kuliko kurasa kumi za orodha. Nusu saa kwa ibara moja, usizidishe.

Matamshi yasisubiri. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila mara, nasi tunaupeleka hukohuko hata kwenye Kiingereza. Kwao mkazo unahama ndani ya familia moja: "photograph" unakaa mwanzoni, "photographer" unahamia silabi ya pili, "photographic" unakwenda ya tatu. Sikiliza kwenye kamusi ya simu, weka alama juu ya silabi kwenye kaunta buku. Na herufi zisizotamkwa zizungushie duara: "b" ya "debt", "p" ya "receipt". Hilo la pili naliandika kila siku na kwa miaka mingi nililitamka na "p" yake.

Kukumbuka ndiko kunakohitaji mpango. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya kujipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba tunasahau haraka sana siku za kwanza, kisha kasi inapungua. Mwaka 1972 Sebastian Leitner akaeleza njia ya masanduku ambayo mimi naitumia mpaka leo, na haihitaji bando. Nakata vipande kutoka mabaki ya karatasi za manila. Upande mmoja naandika sentensi yenye pengo, upande wa pili neno linalojaza. Usiandike neno mbele na maana nyuma, utarudi kulekule kwenye kamusi. Masanduku yangu ni maboksi matano ya viatu, yamepangwa chini ya meza ya printa. La kwanza nalipitia kila siku, la pili kila baada ya siku tatu, la tatu kila wiki, la nne kila wiki mbili, la tano kila mwezi. Nikijibu sawa, kadi inasogea mbele. Nikikosa, hata kama ilikuwa la tano, inarudi la kwanza. Dakika kumi na tano zinatosha, kabla sijafungua mlango wa duka.

Halafu neno litoke mdomoni. Ndani ya siku ya kwanza nalitumia mara tatu: mara moja kwa maandishi, mara moja kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp kwa rafiki yangu wa Mpwapwa tuliyekubaliana kusahihishana, na mara moja kwa mtu yeyote atakayeingia dukani akaanza Kiingereza. Rafiki yangu huyo tumewekeana sharti moja: hatusahihishani katikati ya sentensi. Unamwacha mwenzako amalize, ndipo unamwambia, na unamwambia kwa upole.

Ukiandika barua au risechi, usipachike neno jipya mpaka liwe limefika sanduku la tatu. Kabla ya hapo bado hujalijua vya kutosha kulikabidhi jina lako.

Kuna kadi ambazo hazitaki kuondoka sanduku la kwanza. "Thorough", "through", "though" na "tough" zilikaa pale karibu mwaka mzima, zinasogea mbili zinarudi tatu. Mwishowe niliziandika zote nne kwenye sentensi moja, nikaibandika ukutani juu ya mashine ya kopi, mahali ambapo nasimama nikisubiri karatasi zitoke. Wateja nao wanaisoma wakisubiri. Juzi binti mmoja wa kidato cha pili aliyetumwa na mama yake kutoa kopi ya cheti aliisoma kwa sauti, akakosea ya tatu, akarudia mwenyewe bila kuambiwa, akapata. Nikamkatia kadi nne za manila akaondoka nazo.